Ng'ombe Walikaguliwa, Picha Je?



Kuna jambo tunaliona kila tunapohudhuria posa upande huu wa Ziwa. Kinachokwenda kwa wazee hukaguliwa. Kinachokwenda kwa binti hupigiwa vigelegele, kikafunikwa kitambaa na kuwekwa kando. Leo tuzungumze juu ya hicho cha binti, na mfano wetu ni picha moja iliyoletwa kuwa mahari huko Nyasura. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kuisimulia. Ni mdogo wetu, na sasa ni mke wa mtu, alhamdulillah.

Sisi ni watu wa Nansio. Tulisafiri wanne, dada watatu na shangazi yetu. Kutoka Ukerewe unapanda kivuko Rugezi, unashuka Kisorya, kisha unatafuta gari la Bunda. Nyasura ni kata ya huko Bunda, na baba yetu mdogo amejenga hapo tangu sisi tukiwa wadogo. Binti yake ndiye aliyekuwa anaposwa.

Wenyeji wa Mara hawahitaji kuelezwa kwamba mahari huku ni ng'ombe. Hata katika familia za Kiislamu wazee huanza kutaja ng'ombe, ndipo mengine yafuate. Hiyo ni desturi, na ng'ombe hao huingia zizi la baba. Lakini mahari ya nikahi, ile anayoitaja shehe mbele ya walii na mashahidi, dini imeiweka mkononi mwa binti mwenyewe. Si ya baba, si ya mjomba, wala si ya kaka anayetafuta mtaji wa bodaboda.

Siku ile wajomba zetu walishinda zizini karibu saa nzima. Waliletewa ng'ombe wanne na mbuzi wawili. Wakashika nundu, wakafungua midomo kuangalia meno, wakamtembeza kila mmoja. Ng'ombe mmoja alionekana anachechemea, akakataliwa papo hapo, na upande wa bwana harusi ukaahidi kumbadilisha. Hakuna aliyenuna. Kukagua ni haki ya anayepokea.

Kisha ikaja zamu ya mahari ya binti. Ilikuja fremu iliyofungwa gazeti. Ilipofunguliwa tukaona njiwa mweupe amesimama kwenye weusi mtupu, manyoya yake laini kama moshi. Msemaji wao akasimama. Akasema hii ni litografu ya Picasso, mchoraji mkubwa wa dunia, toleo lenye kikomo, na namba yake iko hapa chini. Akaongeza kwamba thamani yake inawazidi ng'ombe wote waliotajwa. Vigelegele vikapigwa. Picha ikafunikwa. Aliyekagua hakuwapo.

Jioni mdogo wetu alituita chumbani akafunga mlango. "Dada zangu," akasema, "nimeletewa kitu nisichokijua. Nikisema nimeridhika, nimeridhika na nini?"

Shangazi akamjibu kwamba ndoa bado wiki tatu. Kwanza tujue ni kitu gani, ndipo tuseme neno.

Litografu ni kitu gani

Tulianza kwa kusoma, na kwa kweli tulifurahia. Litografu ni picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe. Ufundi huo uligunduliwa Ujerumani mwaka 1796 na kijana aitwaye Alois Senefelder, mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa kazi zake. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mama yake alimwambia aandike orodha ya nguo za dobi. Hakuwa na karatasi karibu, akaiandika juu ya jiwe kwa wino wake wenye mafuta. Akina mama, mnaona? Hata ufundi mkubwa wa wachoraji ulipitia kwenye nguo za kufuliwa.

Siri yake kila mwanamke anayepika anaijua: maji na mafuta havipatani. Msanii huchora kwa kalamu au wino wa mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa. Mawe yaliyosifika zaidi yalichimbwa Solnhofen, kusini mwa Ujerumani. Jiwe huandaliwa kwa dawa, kisha hulowanishwa. Sehemu tupu hunywa maji, sehemu yenye mchoro huyakataa. Ukipitisha wino wa kuchapia, unashika penye mchoro tu. Unaweka karatasi, unakandamiza kwa mashine, unaibandua. Unalowanisha tena, unatia wino tena. Baadaye mafundi walianza kutumia pia bati la zinki badala ya jiwe, lakini kanuni ni ileile.

Kwa hiyo litografu si kivuli cha picha iliyo mahali pengine. Kila karatasi iliyogusa lile jiwe ni kazi halisi. Ndiyo maana msanii anaweza kuwa na kazi moja iliyo katika nyumba 50, na zote 50 zikawa za kweli.

Maana ya ile namba

Sasa tuje kwenye "toleo lenye kikomo". Msanii na mchapaji huamua idadi, tuseme nakala 50. Kila nakala huandikwa chini kwa penseli, mfano 7/50, yaani ni ya 7 kati ya 50. Msanii huweka sahihi yake, pia kwa penseli. Nakala chache za pembeni hubaki za msanii mwenyewe. Baada ya hapo jiwe husuguliwa mpaka mchoro ufutike, au bati hukwaruzwa, ili isichapwe nyingine.

Shangazi aliposikia hayo alisema, "Kumbe namba ni ahadi." Na kweli. Namba haiongezi uzuri wa njiwa hata chembe. Inasema tu kwamba mwenye kazi ameahidi kutovuka idadi hiyo, na sahihi ni ushahidi wa ahadi. Ahadi ikivunjwa, namba inabaki tarakimu mbili na mkwaju katikati.

Kwetu Tanzania ufundi wa jamii hii haukuwa mgeni. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt, na ikaungwa mkono na Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, ilikuwa na wasanii waliochapa picha. Robino Ntila alijulikana kwa kazi hiyo, na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, naye aliifanya. Wao mchoro wao uliingizwa kwenye bati la chuma kwa msaada wa asidi, si juu ya jiwe, lakini mambo ya kuangalia ni yaleyale: idadi, penseli, sahihi.

Linganisheni na kanga na vitenge vya MUTEX, kile kiwanda cha nguo cha Musoma ambacho mama zetu bado wana nguo zake sandukuni. Zile zilichapwa kwa maelfu, hakuna mchoraji aliyetia sahihi, na aliyetaka alikwenda dukani akanunua. Leo ni adimu, lakini uadimu wake haukutokana na ahadi ya mtu. Ni vitu viwili tofauti, na vyote vinaweza kupendwa. Tatizo huanza pale kimoja kinapouzwa kwa jina la kingine.

Tulivyomkagua njiwa

Njiwa yule ana historia yake. Pablo Picasso alimchora Januari 1949, na akachapwa Paris katika karakana ya Mourlot. Ndege mwenyewe alikuwa zawadi kutoka kwa mchoraji mwenzake, Henri Matisse. Mwezi Aprili mwaka huohuo picha ile ilitumika kwenye mabango ya Kongamano la Amani lililofanyika Paris, na tangu hapo njiwa wa Picasso akawa alama ya amani dunia nzima. Mwezi huohuo Picasso alipata binti, akamwita Paloma, neno la Kihispania lenye maana ya njiwa.

Nakala za litografu ile ya 1949 zilikuwa 50, na nyingine 5 za msanii. Basi.

Tukaifunua ile fremu mezani. Chini ya njiwa palikuwa pameandikwa 212/500.

Tulitazamana. Mdogo wetu ndiye aliyesema kwanza: "Kama zilikuwa 50, hii ya 212 imetoka wapi?"

Hatukutaka kuhukumu kwa jambo moja. Bunda mjini kuna fundi saa anayefanya kazi kwenye kimeza kidogo barazani. Tulimwomba atuazime kile kioo chake cha jichoni kwa nusu saa, akacheka, akakubali kwa sharti tukae palepale. Tukatoa picha kwenye fremu taratibu. Chini ya kioo, manyoya laini ya njiwa yaligeuka vitone vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kama punje zilizopangwa na mtu mwenye subira. Hiyo ni alama ya mashine za kisasa zinazochapa magazeti, mabango na kalenda. Rangi iliyotoka kwenye jiwe au bati la msanii haina safu. Huonekana kama chembe zilizotawanyika zenyewe, kama vumbi la mkaa juu ya unga.

Sahihi nayo ilikuwa na vitone vilevile, maana yake ilichapwa pamoja na picha. Namba peke yake ndiyo iliyoandikwa kwa penseli kweli. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona inavyong'aa na ulivyobonyea mstari. Mtu fulani alihesabu mabango mazuri 500 na kuyapa namba. Hilo si kosa. Nakala za ukumbusho za namna hiyo huuzwa duniani kote, kwa bei yake. Lakini si litografu ya mwaka 1949, wala haiwezi kuwazidi ng'ombe wanne.

Haki ya binti na heshima ya mzee

Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na hapa ndipo wanawake wengi hunyamaza.

Picha ile ilikuwa ya babu yake bwana harusi. Ujanani alifanya kazi kwa mhandisi mmoja wa kigeni, na mhandisi alipofunga mizigo kurudi kwao akamwachia. Mzee ameitunza zaidi ya miaka 30. Kumtolea mke wa mjukuu wake kitu hicho ilikuwa ni kutoa cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Tungesimama mbele ya watu na kusema si ya kweli, tungemvua nguo mzee wa watu hadharani.

Kwa upande mwingine, masheikh wetu wanafundisha kwamba mahari iwe kitu kinachojulikana. Kisipojulikana, ndoa haiharibiki, bali bibi harusi hurudi kwenye mahari ya mfano, yaani kiasi wanachopewa wanawake wa ukoo wake walio kama yeye. Na Qurani, katika Sura An-Nisaa, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Kunyamaza kungekuwa kumwacha mdogo wetu aanze ndoa kwa jina la mali isiyokuwapo, na siku ya shida angekuja kuuza njiwa aambiwe ni bango.

Shangazi hakwenda kwa Babu moja kwa moja. Alipitia kwa Bibi, jikoni, akashika mwiko, wakasonga ugali pamoja. Bibi alimwambia kwamba mzee huifuta vumbi picha hiyo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Baada ya kula, Bibi mwenyewe ndiye aliyemwita mzee, na wengine wote wakaambiwa watoke. Tulibaki sisi wanne.

"Shikamoo Babu," alisema Shangazi. "Tumekuja kuomba utusimulie habari ya njiwa."

Babu alisimulia kwa furaha. Mhandisi yule aliitundika ofisini kwake, na mtoto wa Babu alipokuwa akimpelekea baba yake chakula alikuwa akisimama kuitazama. Siku ya kuondoka mhandisi aliishusha, akasema, mpelekee kijana wako.

Shangazi alingoja amalize. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, kuhusu zile 50, kuhusu vitone, kuhusu sahihi. Alisema picha ni nzuri na ni amana, ila ni nakala iliyochapwa baadaye, na hatuwezi kumwambia shehe aitaje kama mali ya thamani fulani.

Babu alikaa kimya muda mrefu. "Kwa hiyo yule alinidanganya?"

"Hapana Babu. Umetuambia alikupa kwa sababu mtoto aliipenda. Bei aliitaja?"

Mzee akafikiri. "Bei hakuitaja," akasema. "Bei tumeitaja sisi."

Akaagiza iandikwe zawadi, na mahari ikaliwe kikao upya. Kikao kilikuwa cha watu wachache, na hakuna jirani aliyejua sababu. Mdogo wetu aliulizwa anataka nini, akajibu bila kuzunguka: cherehani ya miguu, kwa kuwa anashona sare za shule, na shilingi laki tatu taslimu mkononi. Bwana harusi alikubali kabla hajamaliza kusema. Siku ya nikahi shehe alivitaja vyote viwili, mashahidi wakasikia, na cherehani ilikuwa pale uani, sindano ikiwa imetiwa uzi.

Na ukutani je?

Swali hili hamtatuacha bila kuliuliza. Njiwa ni kiumbe chenye roho, na hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha inajulikana. Wanachuoni wana maelezo yao, kati ya sanamu na picha bapa, kati ya kinachotukuzwa na kinachokanyagwa. Imepokewa pia kwamba Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na pazia lenye picha, Mtume, rehema na amani zimshukie, akalichukia, naye akalikata akalifanya mito. Kila mmoja wenu amuulize shehe wake. Mdogo wetu na mumewe walikubaliana wasiitundike. Imefungwa shuka safi na kulazwa juu ya kabati, na Babu akija huteremshwa akaitazama. Kutotundika hakukuwazuia kuitunza, kwa sababu ni zawadi ya mzee aliyetoa kwa moyo wake wote.

Maharusi, shikeni haya

Kwanza, mahari yako uione kwa macho na uijue kabla ya kusema umeridhika. Ni dhahabu? Peleka kwa sonara ipimwe uzito na karati. Ni kiwanja? Iko wapi hati, na jina la nani limeandikwa? Ni kitu kinachosemwa ni adimu? Uliza adimu kwa ahadi ya nani, na ushahidi uko wapi.

Pili, tenganisha zawadi na mahari. Zawadi haihojiwi bei. Mahari ina mizani yake, na kuipima si tamaa.

Tatu, ukweli una mlango wa kuingilia. Usiupitishe barazani kama unaweza kupita jikoni. Mtafute mama au shangazi mwenye ulimi laini, mpeleke yeye.

Nne, iandikwe. Itajwe kwenye nikahi, iandikwe kwenye cheti, na mashahidi wawe watu ambao kesho utawapata.

Na wewe mama, shangazi, dada mkubwa unayesoma haya: wanaume wakienda zizini kufungua midomo ya ng'ombe, wewe fungua kitambaa kilichofunika cha binti yako. Tazama vizuri, uliza kwa adabu. Ng'ombe watakufa au watauzwa. Yeye ataishi na alichokipokea.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na awape kusema kweli bila kuumiza na kupokea haki zao bila woga. Amin.

Wabillahi tawfiq.